Shepadi au rijibaki? Kazi niliyopewa na Baba

Najua nimepotea, karibu mwezi mzima sijaandika kitu hapa. Msinilaumu sana. Kwanza kulikuwa na test tatu ndani ya wiki moja, halafu bumu likachelewa (hilo mnalijua, hamhitaji kusimuliwa), halafu nyumbani kukatokea la kutokea. Leo nimekaa chumbani, mwenzangu kaenda mazoezi ya kwaya, umeme upo, basi ngoja niwasimulie tangu mwanzo. Ni habari ya mbwa. Msicheke, someni mpaka mwisho.

Wanaonifahamu wanajua kwetu ni Morogoro, Kihonda. Baba ni dereva wa lori, akitoka leo kwenda Tunduma unaweza kumaliza wiki mbili hujamwona. Mama ni muuguzi, na kila mwezi ana zamu zake za usiku. Kwa hiyo kuna siku nyingi ambazo usiku nyumba nzima ina watu wawili tu: Bibi, ambaye ana miaka sabini na ushee na sikio moja halisikii vizuri, na mdogo wangu wa kiume wa darasa la nne. Na Popi. Popi alikuwa mbwa koko, rangi ya chai ya maziwa, aliingia getini mwenyewe mwaka 2017 akakataa kutoka. Hakuna aliyemnunua wala aliyemchagua.

Mwezi uliopita watu wakamrushia Popi nyama yenye sumu. Kisha wakaruka ukuta, wakavunja mlango wa jikoni, wakabeba televisheni, mtungi wa gesi, cherehani ya Mama na kuku wanne wa Bibi. Bibi aliamka. Alichofanya ni kumvuta mjukuu wake kifuani, akamziba mdomo kwa kiganja, wakakaa hivyo gizani mpaka wale watu walipoondoka. Asubuhi mdogo wangu ndiye aliyemkuta Popi nyuma ya simtanki.

Mimi nilipigiwa simu nikiwa kwenye foleni ya chai kafteria. Yaani nilishika kile kikombe mpaka kikapoa. Uko Dodoma unasoma mambo ya kulea watoto wa watu, na mdogo wako amezibwa mdomo usiku mzima. Tuyaache hayo.

Baada ya siku mbili Baba akapiga, sauti ile ya kutotaka mjadala.

"Mwanangu, sitaki tena mambo ya koko. Nataka mbwa wa maana. Nimeshapata wawili, nachagua mmoja. Kuna jamaa mjini ana watoto wa shepadi. Na kuna mzee Mikese ana wa rijibaki. Wewe ndiye msomi, na huko chuoni intaneti ni ya bure. Nitafutie yupi ni yupi, mwisho wa mwezi nataka jibu."

Nikamwambia, "Shikamoo Baba." Manake hata salamu hakunipa nafasi. Akacheka kidogo, "Marahaba. Haya, kazi kwako."

Sasa kuna jambo Baba hakulisema lakini wote tunalijua. Mwaka 2021, mdogo wangu akiwa na miaka mitano, aling'atwa pajani na mbwa wa jirani. Ilikuwa mbwa mkubwa, anayefungiwa kwenye banda mchana kutwa na kufunguliwa usiku. Mama alimwosha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika kumi na tano nzima, mtoto analia, Mama anahesabu saa ukutani, halafu hospitali, halafu sindano za kichaa cha mbwa kwa awamu. Mama ni muuguzi, alijua kwamba kichaa cha mbwa dalili zikishaanza hakina tena tiba, mtu anakufa. Tangu siku hiyo mdogo wangu akiona mbwa mkubwa anahamia upande wa pili wa barabara. Popi tu ndiye aliyekuwa hamwogopi. Na sasa tunataka kumletea mbwa wa kilo arobaini ndani ya geti lake. Kwa hiyo mjue kabisa kwamba hii kazi nilipewa na Baba, lakini mtahini ni mdogo wangu.

Basi nikaanza kusoma. Wiki ile nilisoma habari za mbwa kuliko nilivyowahi kusomea UE yoyote (wahadhiri wangu mkipita humu, natania).

Tuanze na shepadi, yaani German Shepherd. Ukiona mbwa wa polisi akilini mwako, ndiye huyo: masikio yamesimama, mgongo mweusi, miguu ya rangi ya kahawia. Wazee wengi walimjua kwa jina la Alsatian, kwa sababu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza hawakutaka kutamka neno Ujerumani hata kwa mbwa. Ukoo wake rasmi ulianza mwaka 1899. Kapteni mmoja wa wapanda farasi, Max von Stephanitz, alikuwa kwenye maonyesho ya mbwa huko Karlsruhe, akaona mbwa mmoja wa wachungaji akampenda papo hapo. Akamnunua, akambadilisha jina akamwita Horand von Grafrath, akaanzisha chama. Horand ndiye namba moja kwenye kitabu cha ukoo.

Kilichonivutia mimi ni kazi yake ya asili. Sisi tunadhani mbwa wa kondoo ni wa kukimbizana na kondoo. Kule Ujerumani kondoo walilishwa pembeni mwa mashamba ya watu yasiyo na ua, na kazi ya mbwa ilikuwa kutembea mpakani kutwa nzima, huku na huku, kondoo asivuke akala ngano ya mtu. Yaani mbwa ndiye ua. Ukilijua hilo unaelewa kwa nini shepadi hatulii. Anataka kazi, anataka umwambie cha kufanya, na anajifunza haraka mno. Ukimnyima kazi anajipangia mwenyewe: anabweka kila kitu, anachimba, anazunguka banda mpaka anatengeneza njia kwenye udongo.

Dume ana kilo 30 hadi 40, jike 22 hadi 32. Ana manyoya tabaka mbili, na ya ndani hupukutika mwaka mzima (Mama na fagio lake, mh). Kwa joto la Morogoro lazima kivuli na maji ya kutosha. Ugonjwa wake unaojulikana zaidi ni wa nyonga, ambapo kichwa cha mfupa wa paja hakikai vizuri kwenye tundu lake, mbwa anachechemea akiwa bado kijana. Unarithiwa, kwa hiyo inabidi uwaangalie wazazi wanavyotembea.

Haya, tuje kwa rijibaki, Rhodesian Ridgeback kwa jina lake kamili. Huyu ni wa kwetu Afrika jamani! Mimi sikujua. Wakhoikhoi kule kusini walikuwa na mbwa wenye mstari wa manyoya mgongoni ulioota kinyume, kuelekea kichwani, kama vile mtu kamchana vibaya. Wazungu walipofika na mbwa wao wakachanganyika, na wawindaji wakagundua kwamba wale wenye mstari wanaweza kumkabili simba. Si kumwua, hakuna mbwa wa kumwua simba. Walimzunguka, wakambwekea, wakamkwepa, wakamchelewesha pale pale mpaka mwenye bunduki afike. Mwaka 1922 Francis Barnes na wenzake walikutana Bulawayo, Zimbabwe ya leo, wakaandika sifa za mbwa huyo ziweje.

Dume ana kama kilo 36, jike 32, miguu mirefu, manyoya mafupi ya rangi ya ngano. Joto halimsumbui sana. Ndani ya nyumba ni mtulivu, analala kama mzee aliyestaafu. Habweki ovyo. Lakini ana kichwa kigumu. Shepadi ukimwambia "kaa" anauliza "muda gani?" Rijibaki anauliza "kwa nini?" Halafu ni mwindaji, kitu kikikimbia na yeye anakimbia. Nikawafikiria kuku wa Bibi waliobaki. Ana ugonjwa wake wa kurithi pia, tundu jembamba kwenye ngozi ya mgongo linaloweza kuingia ndani hadi karibu na uti wa mgongo na kuoza. Mtoto wa mbwa anatakiwa apapaswe mgongo mzima na daktari kabla hujalipa.

Nikaandika jedwali langu zuri, safu mbili, kama mnavyonijua na majedwali. Joto: rijibaki. Kufundishika: shepadi. Kubweka ili Bibi asikie kwa lile sikio lake moja: shepadi. Manyoya: rijibaki. Kuku: shepadi. Gharama ya kununua: rijibaki, mzee wa Mikese alitaka laki nne, jamaa wa mjini laki saba. Chakula: wote sawa, mbwa wa ukubwa huo anahitaji kama kalori 1,700 kwa siku. Hizo ni karibu sawa na nusu kilo ya sembe, na sembe peke yake haimtoshi, anataka dagaa au nyama na mboga, wala si ugali na maji ya kuoshea sufuria. Nikajumlisha. Ikatoka sare. Duh!

Nikampigia rafiki yangu tuliyesoma naye sekondari, sasa yuko SUA anasoma udaktari wa mifugo. Nikamsomea jedwali lote. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza maswali ambayo hayamo kwenye jedwali. Mbwa atalala wapi? Nani atampa chakula asubuhi? Nani atatembea naye? Popi alikufaje?

Nikamwambia kwa sumu.

Akanyamaza kidogo. "Sasa dada, huyo shepadi wa laki saba akilala pale pale alipolala Popi, si atakula nyama ile ile?"

Wapendwa, mimi nilikaa kimya. Wiki nzima nimesoma habari za Karlsruhe na Bulawayo, na swali la kwanza kabisa sikuliona. Sumu haijali ukoo. Popi hakufa kwa sababu ya ukoko wake. Alikufa kwa sababu alilala nje, karibu na ukuta, pekee yake, na tulimlisha makombo kwa hiyo chochote kilichoanguka kutoka juu kilikuwa chakula.

Akaniambia jambo la pili, na hili wana-elimu wenzangu mtalipenda. Sisi tumekaririshwa Pavlov na kengele yake tangu mwaka wa kwanza, lakini kuna kazi nyingine ya mbwa haifundishwi kwetu. Scott na Fuller, kule Marekani, walilea watoto wa mbwa kwa miaka mingi wakawa wanawapima, wakachapisha kitabu mwaka 1965. Walichoona ni kwamba kuna dirisha, kuanzia kama wiki ya tatu mpaka wiki ya kumi na mbili hivi. Anachokutana nacho mtoto wa mbwa ndani ya dirisha hilo, watu, watoto, kuku, kelele, kinakuwa cha kawaida kwake maisha yote. Asichokutana nacho kinabaki cha kuogopa, na mbwa mwenye hofu ndiye anayeng'ata. Na mwaka 2022 watafiti wengine wakatoa utafiti kwenye jarida la Science, wa mbwa zaidi ya 18,000, wakaona kwamba ukoo unaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Nyingine zote zinatoka kwingine.

Nikamkumbuka yule mbwa aliyemng'ata mdogo wangu. Bandani mchana kutwa, usiku anafunguliwa, na mwenye mbwa anajisifu kwamba "ni mkali". Si ndivyo tunavyowafuga wengi wetu? Tunamfungia kiumbe asione mtu, halafu tunashangaa hawajui watu.

Basi Ijumaa ile nikachomoka darasani, nikapanda treni ya umeme mpaka Morogoro. Jumamosi tukatoka watatu: Baba, mimi na mdogo wangu. Mama hakutaka aje. Nilimwomba sana. Nikamwambia, Mama, yeye ndiye atakayeishi naye.

Kwanza kwa jamaa wa shepadi. Geti kubwa, nyumba nzuri. Mama wa watoto alikuwa kwenye kizimba cha nondo, alipotuona akajirusha ukutani mpaka nondo zikatikisika. Mwenyewe akacheka kwa fahari, "Umeona, hiyo? Haijala tangu jana, nazidisha ukali." Watoto walikuwa kwenye boksi jingine, watano, wamekumbatiana kwenye kona. Nikauliza wana umri gani. Wiki tano. Nikauliza chanjo. "Utachanja wewe mwenyewe ukifika." Nikauliza tunaweza kumwona mama yao akitembea, ili tuangalie nyonga. Akaniangalia kama nimeuliza mshahara wake. Mdogo wangu alikuwa ameshika shati la Baba kwa nyuma, kwa mikono yote miwili.

Nataka niseme wazi, hilo si kosa la shepadi. Yule mama kwenye kizimba angezaliwa kwa mtu mwingine angekuwa mbwa mwingine. Kuna watu wanafuga shepadi vizuri sana na kama ungenipeleka kwa mmoja wao huenda leo ningekuwa naandika habari tofauti.

Tukaenda Mikese. Mzee mwenyewe alitupokea kwa kiti na maji. Mama wa watoto alikuwa amelala kizingitini. Alipotuona aliinuka, akabweka mara moja tu, sauti nzito ya kutoka tumboni, akasimama kati yetu na mlango. Hakusogea. Mzee akasema "wageni hao," naye akatunusa mmoja mmoja, akarudi kulala. Baba akanigeukia, sikusema kitu, na yeye hakusema. Lakini wote wawili tulikuwa tumeshaona.

Watoto walikuwa nane, wiki saba, wanazunguka uani na bata, kuku na wajukuu wa mzee. Kadi za chanjo ya kwanza zilikuwepo. Mdogo wangu akabaki mbali, karibu na mwembe. Hatukumwita. Mzee naye alikuwa na busara, akaanza kuongea na Baba habari za barabara ya Tunduma.

Baada ya kama nusu saa mtoto mmoja wa mbwa akaenda kule kwenye mwembe. Akalala juu ya kiatu cha mdogo wangu. Hivyo tu. Mdogo wangu akasimama kama mlingoti, hapumui. Halafu nikaona anachuchumaa, taratibu, anaweka kidole kimoja kichwani.

"Baba, huyu."

Mzee akakuna kichwa. "Huyo ana kasoro." Tukasogea. Kweli, mgongo ulikuwa laini kabisa. Hana mstari! Rijibaki asiye na mstari. Mzee akaeleza kwamba hutokea, wazazi wote wawili wana mstari lakini mtoto mmoja au wawili wanazaliwa bila, na zamani wafugaji waliwaua kwa sababu waliharibu jina. Yeye hawezi kuua mbwa, kwa hiyo huwauza bei ya chini. Laki moja na nusu.

Baba akavutwa pembeni na mimi, au mimi nikavutwa na yeye, sikumbuki. "Mwanangu, sasa watu watajuaje kwamba ni rijibaki? Si watasema ni koko tu?"

Hapo ndipo kusoma kukanisaidia. Nilikuwa nimekutana na utafiti wa mwaka 2007, kwamba ule mstari unaletwa na kipande cha vinasaba kilichojirudia, na kipande hicho hicho ndicho kinacholeta lile tundu la mgongoni, hasa kwa mbwa aliyekirithi kwa baba na mama. Mbwa asiye na mstari hana hicho kipande. Nikamwambia Baba, hiyo "kasoro" ndiyo nafuu ya mbwa mwenyewe. Yaani wafugaji walikuwa wanaua wale wasio na tatizo.

Baba akamwangalia mdogo wangu. Dogo alikuwa ameshakaa chini kabisa, suruali kwenye vumbi, mbwa mapajani. Mtoto ambaye miaka yote hii anavuka barabara akiona mkia. Baba akatoa laki moja na nusu mfukoni bila kuomba hata punguzo. Nyie mnaomjua Baba mtaelewa ukubwa wa jambo hilo.

Hatukumchukua siku ile. Mzee alisema afikishe wiki nane kwanza kwa mama yake, nami nilikuwa nimeshasoma hivyo. Wiki ile iliyobaki ndiyo tuliyoitumia kutengeneza nyumbani, na pesa iliyobaki ilikwenda huko. Baba ameweka wavu wa chuma kwenye kibaraza cha nyuma, juu na pembeni, ili usiku kitu kisirushwe kikafika. Humo ndimo atakamolala, mlango unafunguka kwenye korido ya chumba cha Bibi. Taa ya sola ukutani. Mchana yuko huru uani.

Kulikuwa na jambo la Bibi na rafiki yake pia. Jirani yetu, Bibi mwenzake, huja kila jioni kunywa kahawa. Ni Mwislamu, na kwa madhehebu yao ya Shafii mate ya mbwa ni najisi, chombo kikilambwa kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Popi alishamzoea, alikaa mbali. Mbwa mpya hajui. Bibi alisema kabisa, "Kama mbwa ananifukuzia mwenzangu, mrudisheni Mikese." Kwa hiyo tumekubaliana saa za jioni mbwa anakaa nyuma na mdogo wangu, ndiyo saa yao ya mafunzo. Mkeka wa kahawa haugusi kabisa.

Ameshafika, ni wiki ya pili sasa. Usiku wa kwanza alilia mpaka saa nane. Bibi akatoka na blanketi lake, akakaa naye koridoni. Bibi yule yule aliyesema mrudisheni! Chanjo ya pili amepata, ya kichaa cha mbwa atapata akifikisha miezi mitatu, na Mama ameiandika kwenye kalenda kwa kalamu nyekundu. Mdogo wangu anampa chakula asubuhi na jioni kwenye bakuli moja, mahali pamoja, na anamfundisha asiguse kilicho chini mpaka aambiwe. Nimempa maelekezo kwa simu kama mwalimu wa BTP. Sidanganyiki kwamba mafunzo hayo yatamzuia mbwa mwenye njaa kula nyama. Wavu ndio kinga, mafunzo ni nyongeza.

Jina? Baba alitaka Kamanda. Mdogo wangu akakataa, amemwita Tunduma. Mama akamwuliza kwa nini. Akasema, "Kila siku tunaambiwa Baba yuko Tunduma. Sasa na sisi tuna Tunduma yetu." Juzi nikiwa naongea na Baba, yuko njiani Mbeya, akaniambia habari hiyo mwenyewe, halafu akakohoa, akasema mtandao unakatika. Mtandao ulikuwa safi tu.

Kwa hiyo jibu langu kwa mnaoniuliza shepadi au rijibaki, ni hili: nendeni mkamwone mama yake kwanza, na kabla ya hapo amueni atalala wapi na nani atamlisha. Mkishajibu hayo, ukoo utajichagua wenyewe.

Wasiwasi wangu uliobaki ni kuku. Jana kamkimbiza mtetea mmoja, Bibi kanipigia simu kushtaki kana kwamba mimi ndiye niliyekimbiza. Kama kuna mtu humu kwao wamelea mbwa mkubwa na kuku uani wakakaa kwa amani, tafadhali anieleze walifanyaje. Mimi naenda kumalizia asainimenti ya saikolojia, inatakiwa kesho na nina kurasa mbili tu.

Siku njema wapendwa. Msiwarushie mbwa mawe.